Baridi ya Njombe inapita chini ya mlango: sponji, silikoni au raba?

MpangajiMgeni
Wakuu habari za jioni. Nimehamia Njombe mjini mwezi wa tatu, sasa ni Julai na nimeelewa kwa nini wenyeji walikuwa wananiuliza kama nimekuja na mablanketi. Nyumba ni ya kupanga: mlango wa mbao, madirisha ya chuma ya vioo vidogo vidogo. Usiku dirisha limefungwa na pazia linatikisika. Tuna mtoto wa miezi minne.

Jana nimepitisha mshumaa taratibu kandokando ya fremu. Moto ulilala chini ya mlango, kwenye kona mbili za dirisha la chumbani, na pale fremu inapokutana na ukuta. Dukani kuna sponji ya kubandika, silikoni ya tyubu na raba ya chini ya mlango. Hela haitoshi kununua vyote kwa mpigo. Nianze na kipi?

SeremalaMakambako
Mkuu, kila kimoja kina mahali pake. Silikoni ni ya sehemu isiyotembea: fremu na ukuta, kioo na chuma pale pati (ule udongo unaoshikilia kioo) ilipodondoka. Ukiipaka kwenye mdomo wa dirisha linalofunguliwa, umelifunga moja kwa moja. Sponji ni ya pale vitu viwili vinapobanana, yaani mlango na fremu yake. Ufa wa ukutani ukiwa unaingia kidole, acha silikoni, itameza tyubu nzima; sindilia saruji na mchanga kwanza.

Madirisha ya chuma mara nyingi yanavuja kwa sababu ya rangi. Kila mpangaji akihama inapakwa juu ya ile ya zamani, mwisho dirisha halikai kwenye fremu. Kwangua, piga msasa, kisha funga na karatasi katikati uivute. Ikitoka kirahisi, hapo ndipo pa sponji.

Na angalia sana unene. Baridi ya huku inakuja wakati wa ukavu, mbao imesinyaa, kwa hiyo penyo unazoziona leo ni kubwa kuliko za mwezi wa pili. Ukibandika sponji nene sasa, mvua zikikolea mlango utavimba na utaanza kuupiga teke. Ndivyo wanavyoniita kurandia mlango ambao hauna kosa lolote.

MamaWaLushoto
Pole mdogo wangu, huku Lushoto nako tunaijua hiyo baridi. Sponji yangu ilibanduka msimu wa kwanza kwa sababu nilibandika juu ya vumbi. Futa kwa kitambaa chenye sabuni, acha pakauke kabisa ndipo ubandike. Chini ya mlango mimi sikununua kitu: nilishona mfuko mrefu wa kitenge chakavu, nikajaza mchanga mkavu, usiku nausukuma kwa mguu. Ukitumia maranda unakuwa mwepesi na upepo unausogeza.

KinangopJuu
Huku kwetu Kinangop, Kenya, nilitoa madirisha ya chuma nikaweka aluminiamu ya kuteleza. Yanapendeza, na kelele za nje zimepungua.

SeremalaMakambako
Kupendeza kweli, ila kwa upepo ya kuteleza hayanishawishi. Yanategemea brashi, yale manyoya ya pembeni ya kuzuia upepo, na brashi ikilika unarudi ulikotoka. La bawaba linagandamiza raba. Halafu huyu ni mpangaji, hawezi kung'oa madirisha ya mwenye nyumba.

MinnesotaBaridi
Huku Marekani tunabandika nailoni nyembamba ndani ya fremu kwa tepi ya pande mbili, kisha tunaipuliza kwa draya ya nywele mpaka inyooke. Hewa iliyonaswa katikati ndiyo inayozuia baridi. Nailoni angavu ya kukata kwa mita itafaa, hata kama haitanyooka. Weka kwenye dirisha ambalo hamlifungui.

NesiZamuYaUsiku
Samahani nawakatiza. Chumba mnakipasha moto kwa nini?

MpangajiMgeni
Jiko la mkaa. Tunaliingiza saa mbili usiku, tunalitoa tukienda kulala.

NesiZamuYaUsiku
Tafadhali acheni leo hii, kabla ya kuziba hata upenyo mmoja. Mkaa unaowaka unatoa kaboni monoksidi, haina rangi wala harufu, na mkaa uliofifia bado unaitoa. Mtu anahisi kichwa kinauma na usingizi, analala, haamki. Penyo hizo hazikuwa kinga, na mkiziba hatari inazidi. Yale matundu ya hewa juu ya dirisha yenye wavu msiyaguse. Kitanda pasheni kwa chupa ya maji ya moto, kisha itoeni kabla ya kumlaza mtoto.

SeremalaMakambako
Nesi ametangulia, nami nilipaswa kuuliza hilo mwanzoni. Fuata hilo kwanza, sponji baadaye.

MpangajiMgeni
Wiki imepita, narudi na mrejesho. Jiko sasa linabaki nje, na matundu ya juu yako wazi. Nilinunua tyubu moja ya silikoni na sponji nyembamba, mfuko wa mchanga mke wangu ameshona kwa kanga. Pazia la sebuleni limetulia. Dirisha la chumbani nimekwangua, kona ya kulia imeshika karatasi. Ya kushoto bado moto wa mshumaa unacheza. Komeo limelegea, halivuti dirisha mpaka mwisho. Fundi wa kuchomelea anakuja Jumamosi.