Mwaka wa msingi chuo kikuu Uingereza, kompyuta au hisabati: nimepata nafasi, naomba ushauri kabla sijajibu

MamaZuhura_Leicester

Assalaam alaykum, na habari zenu nyote wa hapa na wa nyumbani.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, nina miaka 31, naishi Leicester na mume wangu na watoto wawili, mdogo ana miaka mitatu. Nafanya kazi ya kulea wazee, zamu za usiku. Kidato cha nne nilimaliza 2011, daraja la tatu, Hisabati nikapata D. Kidato cha tano sikwenda. Baba alifariki mwaka ule na mimi ndiye mkubwa, nikaingia dukani kwa mjomba Barabara ya Nane na shule ikaishia hapo.

Hapa Uingereza nimerudi darasani taratibu. Nilianza na Kiingereza, halafu mwaka jana nikafanya mtihani wa hesabu wa GCSE, ule wa sekondari wa hapa, kwenye chuo cha watu wazima, nikapata daraja la 5 (hapa 9 ndilo la juu). Sikulipa kitu. Kwa wasiojua: hapa England mtu wa miaka 19 na zaidi ambaye hana angalau daraja la 4 ana haki ya kusomeshwa hesabu bure, mkaulizie chuo cha karibu nanyi.

Kilichonirudisha shule ni ratiba ya kazini. Kituo chetu kina wafanyakazi wengi na kila mwezi kulikuwa na ugomvi: huyu kapangiwa usiku na asubuhi yake tena yuko zamu, yule kapewa Ijumaa zote. Meneja akaniachia niipange mimi kwenye Excel. Nikajifunza fomula kidogo kidogo mpaka nikaweza kuifanya seli igeuke nyekundu yenyewe mtu akipangwa usiku kisha asubuhi. Sijui niseme vipi, lakini siku ile seli ilipogeuka nyekundu nilifurahi kuliko siku ya mshahara. Nikasema hiki ndicho ninachotaka kusoma.

Sasa nimeomba kupitia UCAS, mfumo wa hapa wa maombi ya vyuo vikuu, na nimepata nafasi mbili, zote za miaka minne, mwaka wa kwanza ukiwa ni wa msingi, yaani faundesheni, wa kutuandaa tusiosoma mpaka mwisho wa sekondari. Moja ni shahada ya sayansi ya kompyuta, nyingine ya hisabati. Juu ya hapo kuna wakala ananipigia simu kila wiki, ana chuo binafsi kinachotoa faundesheni ya mwaka mmoja peke yake, anasema nikimaliza naingia chuo kikuu chochote nikitakacho.

Maswali yangu. Mume wangu ananiunga mkono lakini anauliza, na ana haki: mwaka mzima wa maandalizi kabla ya shahada yenyewe si ni mwaka wa bure? La pili ni mkopo, maana una riba. La tatu ndilo linaloninyima usingizi: hesabu zangu zitatosha? Na la mwisho, kati ya kompyuta na hisabati nichukue ipi?

Kijana wa Likoni

Dadangu, pongezi sana. Mimi nilipitia njia hiyo hiyo, nikaanza mwaka wa msingi kisha sayansi ya kompyuta, na leo naandika programu kwa kampuni moja hapa Coventry.

Kabla ya yote, huyo wakala mwambie hapana. Mwaka wa msingi ulio ndani ya shahada, yaani umeomba kozi moja ya miaka minne, Student Finance England, yaani wale wa mikopo ya serikali ya wanafunzi, wanauhesabu kama sehemu ya shahada na mkopo wa ada unaupata kuanzia mwaka huo. Ukisimama peke yake kwa kawaida hupati mkopo huo, utalipa mfukoni. Na cheti utakachotoka nacho, chuo kikuu kingine hakilazimiki kukikubali. "Chuo chochote ukitakacho" ni ahadi ambayo wakala hana uwezo wa kuitimiza. Muombe akuandikie majina ya vyuo vilivyokubali kwa maandishi uone kama simu hazitakoma.

Kuhusu mwaka wa bure. Mwaka ule uko ngazi moja na A-level, mitihani ya kumaliza sekondari ya juu, ngazi ya 3 kwa hesabu yao, na alama zake haziingii kwenye daraja la shahada yako. Watu wanasikia hivyo wanadhani ni mwaka wa kupumzika. La hasha. Sisi tulisoma hisabati mihula yote miwili, tukasoma kuandika programu kwa lugha ya Python, tukasoma kompyuta inavyofanya kazi ndani (namba za binari, milango ya mantiki, kumbukumbu), na somo la kuandika kitaaluma ambalo nililidharau mwanzoni kwa sababu nilijiona najua Kiingereza. Wenzetu waliotoka A-level walitukuta mwaka wa kwanza, na kwenye programu sisi ndio tuliokuwa tunawafundisha, maana wengi wao hawakuwa wameandika hata mstari mmoja. Kwenye hisabati walikuwa mbele yetu, nisikufiche.

Kagua kitu kimoja kwenye barua za ofa: alama ya kuvuka kwenda mwaka unaofuata. Mara nyingi kupasi ni asilimia 40, lakini kozi nyingine, hasa za hisabati, hudai zaidi kwenye somo la hisabati lenyewe. Kama haijaandikwa, waandikie barua pepe uulize.

Njia nyingine ipo, usije ukasema hukuambiwa: diploma ya Access to HE, ya kumwandaa mtu mzima aingie chuo kikuu, mwaka mmoja kwenye chuo cha kawaida, krediti 60. Ina mkopo wake, na ukiendelea mpaka ukamaliza shahada mkopo ule wa Access hufutwa. Ni njia nzuri kwa asiye na ofa. Wewe unazo mbili mkononi.

Na vijana wa nyumbani mnaosoma hapa mkitaka kuja: haya ya mikopo ni ya wenye ukaazi. Mwanafunzi wa viza analipa ada ya kimataifa tangu mwaka wa msingi, na mkopo wa serikali hapewi.

BinSeif

Waalaykum salaam dada. Nijibu la mkopo.

Kama una ukaazi wa kudumu na umeishi Uingereza miaka mitatu kabla ya kozi kuanza, unastahili. Mkopo wa ada huenda moja kwa moja chuoni, wewe huugusi. Wa kujikimu ndio unaoingia kwako. Kwa wanaoanza sasa marejesho ni asilimia 9 ya kile kinachozidi pauni 25,000 kwa mwaka. Ukipata pauni 28,000, unakatwa asilimia 9 ya 3,000, yaani 270 kwa mwaka mzima. Usipofika kiwango hulipi. Baada ya miaka 40 kinachobaki kinafutwa.

Ada ya juu kwa 2025/26 ilikuwa pauni 9,535. Umesikia labda kwamba miaka ya msingi imeshushwa mpaka 5,760. Imeshushwa kwa masomo ya darasani kama biashara, sheria na sayansi za jamii. Kompyuta haimo.

Jambo ambalo akina mama wengi hawaambiwi: kuna ruzuku ya malezi ya watoto kwa mwanafunzi wa muda wote, inafika asilimia 85 ya gharama za chekechea mpaka kikomo kilichowekwa, kutegemea kipato cha nyumba. Hiyo hairudishwi, si mkopo. Iombe pamoja na mkopo, usingoje chuo kianze.

Sasa riba. Ipo, inafuata kiwango cha mfumuko wa bei. Serikali ilitoa maoni kwa umma 2014 juu ya mfumo mbadala unaokubalika kisheria kwa Waislamu, wa mfano wa takaful (mfuko wa kusaidiana wa Kiislamu), na sheria ya 2017 ikawapa uwezo wa kuuanzisha. Mpaka naandika hapa bado haujaanza. Mimi naliona hili kuwa dhuluma ya kweli, kuna ndugu zetu wameacha chuo kwa ajili yake na wengine wamesoma kwa akiba ya familia wakiuza hata viwanja. Sitakutolea fatwa. Masheikh wenyewe hapa wametofautiana, mwulize unayemwamini, na mpelekee masharti yenyewe kwenye karatasi ayasome, asihukumu neno "mkopo" tupu.

MwalimuPemba

Bi Mama Zuhura, hongera kwa ile 5. Nimefundisha hesabu hapa Reading kwa muda mrefu, na baadhi ya wanafunzi wangu ni watu wazima kama wewe. Niruhusu nikae kwenye swali lako la tatu, kwa sababu hilo ndilo litakaloamua la nne.

GCSE yako imekupa sehemu, asilimia, milinganyo mepesi, grafu za mstari. Mwaka wa msingi utaanzia hapo na kukupeleka kwenye vipeo na logi, trigonometria, kisha kalkulasi (hesabu ya mabadiliko), mara nyingi na vekta na matriksi na takwimu kidogo. Ninavyoona, wanaoanguka hawaanguki kwenye kalkulasi. Wanaangukia kwenye aljebra ya chini yake: kufungua mabano, kuhamisha herufi kutoka upande mmoja wa mlinganyo, kujumlisha sehemu zenye herufi chini. Mtu anaielewa kalkulasi vizuri, kisha anapoteza jibu kwenye mstari wa tatu kwa alama ya kutoa. Miezi hii kabla ya Septemba ipeleke yote kwenye aljebra. Kalkulasi iache, watakufundisha.

Tena kuna hisabati unayoijua bila kuiita hivyo. Mzungu akikwambia saa 9, wewe unajua ni saa tatu. Akisema saa 3 alasiri, kwako ni saa tisa. Unajumlisha 6, na ikizidi 12 unaondoa 12: 9 na 6 ni 15, toa 12, ni 3. Kutoka 3, ongeza 6, umerudi 9. Kanuni ile ile inakwenda na kurudi kwa sababu 6 na 6 ni 12, mzunguko mzima. Hiyo ni hisabati ya masalio, yaani ya kile kinachobaki ukishaondoa mizunguko mizima. Rivest, Shamir na Adleman waliitumia 1977 kutengeneza RSA, mfumo wa kuandika ujumbe kwa siri, uliokuja kulinda malipo na barua kwenye intaneti. Namba zao ni kubwa mno, mzunguko ni ule ule.

Na ratiba yako ya zamu. Chora kila zamu kama nukta, unganisha kwa mstari zamu mbili zisizoweza kushikwa na mtu mmoja, kila mfanyakazi mpe rangi yake, kisha zipake nukta rangi ili zilizounganishwa zisifanane. Rangi chache iwezekanavyo ngapi? Kwa kituo kidogo utapata kwa kujaribu. Kwa mchoro mkubwa, nukta zikiunganishwa kwa namna yoyote, hakuna ajuaye njia ya haraka inayofaa kila hali, na hakuna aliyethibitisha kwamba haipo. Mwenye kulijibu hili kwa uthibitisho atakuwa amejibu moja ya maswali ambayo taasisi ya hisabati ya Clay Mathematics Institute iliyawekea dola milioni moja kila moja mwaka 2000. Wewe umelifikia kutoka kwenye ugomvi wa zamu za Ijumaa.

Kwa hiyo kompyuta au hisabati? Jiulize ulifurahia nini siku ile. Kama ni seli kugeuka nyekundu, kitu ulichokitengeneza kikafanya kazi, chukua kompyuta. Hisabati utaipata humo, mantiki, seti, grafu za nukta kama nilizoeleza. Shahada ya hisabati ni ya uthibitisho. Utakaa wiki na swali moja la "kwa nini ni lazima iwe hivi", bila skrini. Ina watu wake na mimi ni mmoja wao, lakini sikusikia hilo kwenye maelezo yako. Ulizia pia kama mwaka wa msingi wa kompyuta unaruhusu kuhamia hisabati ndani ya chuo hicho. Mahali pengi wanafunzi wa kozi hizi mbili hukaa darasa moja mwaka huo.

Nikupe swali. Majina milioni moja yamepangwa kwa alfabeti. Unatafuta moja. Unafungua katikati, unaitupa nusu isiyo na jina lako, unafungua tena katikati ya iliyobaki. Utafungua mara ngapi hata ukikosa bahati?

MamaZuhura_Leicester

Mwalimu, nimelifanya usiku huu kazini wazee walipolala. Niligawa milioni kwa mbili, tena kwa mbili, nikaendelea kwenye karatasi. Nimefika mara 20 ikabaki chini ya moja. Ni sawa? Sikuamini, nikarudia kwa kikokotoo.

Kijana wa Likoni, wakala nimemwomba majina kwa maandishi. Amesema atanipigia. BinSeif, shukran sana, ile ruzuku ya watoto hakuna aliyewahi kunitajia, mume wangu amekaa anaisoma sasa hivi. Kwa sheikh tutakwenda wote wawili Jumamosi.

Nimeelekea kompyuta.

MwalimuPemba

Ni sawa kabisa, 20. Sasa rudi nyuma: badala ya kugawa, anza na 2 uizidishe kwa 2 mpaka uipite milioni. Utaona 2 kwa kipeo cha 20 ni 1,048,576. Kipeo kile 20 ndicho logi, na wewe umeipata kabla ya kufundishwa. Majina yakiwa milioni mbili, usigawe tena kuanzia mwanzo, jibu unalo tayari.

Sasa twende kwenye aljebra. Fungua mabano (x − 3)(x + 5), kisha unitafutie x ikiwa jibu lake ni 9. Lete na njia, mstari kwa mstari, nataka kuziona alama zako za kutoa.