Kwa nini habari za Bunge hutufikia uamuzi ukiwa umekwisha kupita?

Mwalimu Mstaafu, Nkuhungu

Ndugu zangu, ninaomba maoni yenu juu ya jambo ambalo limenisumbua kwa muda mrefu, hasa kwa kuwa sisi wakazi wa Dodoma tunaishi jirani na Bunge, lakini habari zake tunazipata kama watu wa mbali. Kwa nini vyombo vyetu vya habari vinatueleza kwa kirefu mbunge gani amemjibu nani, na vinatueleza kwa ufupi sana, tena kwa kuchelewa, ni jambo gani linakaribia kupitishwa na litatugusa vipi?

Chukueni tozo ya miamala ya simu ya mwaka 2021. Waziri wa Fedha wa wakati huo, Dkt. Mwigulu Nchemba, aliitaja katika hotuba ya bajeti aliyoisoma Juni 10. Muswada wa Sheria ya Fedha ukajadiliwa na kupitishwa mwezi huohuo. Na wananchi wengi wakaanza kuuliza tozo hiyo ni kitu gani mwezi Julai, walipoona fedha zinakatwa, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala kulingana na kiasi kinachotumwa. Hapo ndipo kurasa za mbele zilipojaa, wachambuzi wakaitwa redioni, na baadaye Serikali ikapunguza viwango. Kelele zile zilikuwa halali kabisa, na zilithibitisha kwamba wananchi walikuwa na hoja. Ninachoumia ni kwamba mahali pa hoja hiyo palikuwa Juni, wakati muswada ulipokuwa bado mikononi mwa kamati.

Mfano wa pili ni wa hapahapa kwetu. Mwishoni mwa Desemba 2021, Job Ndugai, aliyekuwa Spika na Mbunge wa Kongwa, alihoji mbele ya mkutano mjini Dodoma mwenendo wa nchi kukopa, akiutaja mkopo wa shilingi trilioni 1.3. Muda mfupi baadaye aliomba radhi, Rais Samia Suluhu Hassan akalizungumzia jambo hilo hadharani, na Januari 6, 2022 Spika akajiuzulu. Nilifuatilia magazeti siku zile kwa makini, na karibu kila nilichosoma kilihusu kama atabaki au ataondoka, nani yuko upande wake na nani atamrithi. Kuhusu deni lenyewe, yaani limefikia kiasi gani, sehemu ipi ni ya masharti nafuu na sehemu ipi ni ya kibiashara, litalipwa kwa miaka mingapi, na linachukua kiasi gani cha mapato yetu, nilipata aya chache mno. Mzee Ndugai alifariki dunia Agosti 2025, na swali lile bado linastahili kujibiwa, bila kujali mtu anamkumbuka vipi aliyeliuliza.

Je, tatizo liko kwa waandishi, kwa wahariri, kwa sheria, au kwetu sisi wasomaji?

Mwandishi wa Habari, Makole

Shikamoo Mwalimu. Nimeripoti vikao vya Bunge kwa miaka kadhaa, kwa hiyo naomba nieleze jinsi kazi inavyokwenda, nikianza na jambo moja ambalo si la haki kwetu. Tozo ya 2021 iliandikwa siku ileile ya bajeti. Kilichokosekana ni ufafanuzi: hakuna aliyekaa akamwonyesha msomaji kwamba akituma kiasi fulani kwa mama yake kijijini atakatwa kiasi fulani juu ya gharama aliyoizoea. Ilikuwa mstari mmoja katika orodha ndefu ya kodi na ushuru.

Siku ya kikao huanza saa tatu asubuhi kwa maswali na majibu, na Alhamisi kuna maswali ya papo kwa papo kwa Waziri Mkuu. Kabla ya mchana mhariri aliyeko Dar es Salaam anakuwa ameshampigia mwandishi wake simu kumuuliza nani kasema nini. Wakati wa bajeti za wizara, mbunge akishika shilingi ya mshahara wa waziri, yaani akitishia kuzuia fungu hilo mpaka ajibiwe hoja yake, hiyo ni habari, kwa sababu kuna mvutano na kuna majina. Kwa kawaida waziri huahidi, mbunge huirudisha shilingi, na hakuna chombo kinachorudi baada ya miezi sita kuuliza ahadi ile imefika wapi. Kisha muda ukiisha huja gilotini, na vifungu ambavyo havijafikiwa hupitishwa kwa pamoja. Mabilioni ya shilingi hupita hapo bila mtu kusema neno, na kwa kuwa hakuna aliyesema, mwandishi aliyefundishwa kusaka kauli hana cha kuandika. Nadhani hapo ndipo ugonjwa wenyewe ulipo.

Sababu ya pili inazungumzwa kidogo. Januari 27, 2016, Nape Nnauye, akiwa Waziri wa Habari, alilieleza Bunge kwamba TBC haitaendelea kurusha vikao vyote moja kwa moja, akitaja gharama ya takribani shilingi bilioni 4.2 kwa mwaka. Wengi wanaukumbuka uamuzi ule kama suala la televisheni, lakini mimi niliona ukibadilisha uandishi. Wakati wananchi wanajionea kikao chote, mwandishi analazimika kuwaongezea kitu ambacho hawakukiona: takwimu, historia ya hoja, kifungu kinachohusika. Wasipojionea, kipande chochote cha ugomvi kinatosha kuwa habari ya siku.

Sababu ya tatu ni hofu, na hiyo ina msingi. Chini ya Sheria ya Huduma za Habari ya 2016, gazeti la Mwanahalisi lilifungiwa kwa miezi 24 mwezi Septemba 2017, na mengine nayo yaliguswa. Mwanahalisi, Mawio, Mseto na Tanzania Daima yaliruhusiwa kurejea Februari 10, 2022, na sheria yenyewe ikarekebishwa mwaka 2023, lakini kumbukumbu haifutwi kwa tangazo. Ibara ya 100 ya Katiba inampa mbunge kinga kwa maneno anayoyasema Bungeni. Uchambuzi wangu hauna kinga ya namna hiyo. Mhariri mwenye busara, akipewa achague kati ya nukuu ya mbunge na hesabu niliyoikokotoa mwenyewe kutoka kitabu cha bajeti, atachagua nukuu.

Mkulima wa Zabibu, Mpunguzi

Mwalimu, nakushukuru kwa kulileta jambo hili, na Mwandishi nakushukuru kwa maelezo, ingawa mimi nitasema kwa upande wa shambani.

Sisi wakulima wa zabibu tunategemea mambo mawili ambayo yote huamuliwa katika majengo yaliyo karibu nasi: bei ambayo wasindikaji wanaweza kutulipa, na ushuru wa bidhaa unaotozwa kwenye mvinyo. Mvinyo uliotengenezwa kwa zabibu za ndani kwa zaidi ya asilimia 75 umekuwa ukipewa kiwango nafuu, na tofauti hiyo ndiyo inayomfanya msindikaji anunue zabibu zetu badala ya kuagiza malighafi kutoka nje. Kiwango hicho kikiguswa katika Sheria ya Fedha, sisi tunakiona msimu unapofika, mnunuzi anapotuambia kwamba mwaka huu hawezi kufikia bei ya mwaka jana. Sijawahi kumsikia mwandishi yeyote akija hapa kabla ya Juni kutuuliza tunaonaje pendekezo fulani. Wanakuja Februari au Machi kupiga picha za mavuno, na picha ni nzuri, lakini hazitusaidii kujadiliana na mtu.

Bajeti ya 2025/26 ilitajwa kila redio kuwa shilingi trilioni 56.49. Mimi kwa tarakimu hiyo siwezi kufanya lolote. Nikielezwa kwamba katika halmashauri yangu kuna skimu ya umwagiliaji iliyotengewa kiasi fulani, na mwaka uliopita ilitengewa kiasi fulani kikatolewa nusu, hapo nitajua la kumuuliza diwani, na diwani atajua la kumuuliza mbunge.

Mkazi wa Kizota

Naomba kutofautiana na wote watatu kwa heshima. Mnazungumza kana kwamba kuandika habari za watu ni udhaifu. Siasa ni kazi ya watu, na uwajibikaji hauwezi kubebwa na kifungu cha sheria. Lazima ubebwe na mtu mwenye jina na cheo.

Kumbukeni sakata la Richmond, kampuni iliyopewa mkataba wa umeme wa dharura. Kamati teule iliyoongozwa na Dkt. Harrison Mwakyembe iliwasilisha ripoti Februari 2008, Spika akiwa Samuel Sitta, na Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu Februari 7. Ripoti ile ingeandikwa bila majina, kwa lugha ya mikataba ya umeme peke yake, ingesomwa na wahandisi na kuwekwa kabatini. Mwaka 2014, katika suala la Escrow, yaani mabilioni yaliyotolewa katika akaunti ya Tegeta Escrow, Zitto Kabwe akiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Hesabu za Serikali, majina ndiyo yaliyoifanya nchi nzima isikilize. Vyombo vya habari vilivyowafuata watu wakati ule vilifanya kazi yao, na ninaogopa kwamba tukiwaambia waandishi waache watu na kushika vitabu vya bajeti, watakaonufaika kwanza ni wale ambao wangependa majina yao yasitajwe.

Aidha, tangu uchaguzi wa 2020 ulipoipa CCM karibu viti vyote, hatuna tena kambi rasmi ya upinzani inayosoma hotuba mbadala kwa kila wizara. Hotuba zile ndizo zilizowapa waandishi hesabu za upande wa pili bila wao kubeba hatari ya kuzikokotoa. Mwandishi ameeleza hofu vizuri, lakini hili hakuligusa, nami naliona kuwa kubwa kuliko matangazo ya TBC.

Mwanafunzi wa Sheria, Chuo Kikuu cha Dodoma

Shikamooni. Kaka wa Kizota ana hoja kuhusu hotuba mbadala, lakini mifano yake miwili inamthibitisha Mwalimu. Richmond na Escrow zilikuwa na majina, ni kweli, ila majina hayo yalitoka kwenye kazi ya kamati: mikataba iliyosomwa, mashahidi waliohojiwa, nyaraka za benki. Habari ya mtu ilikuwa na uzito kwa sababu chini yake palikuwa na karatasi. Habari nyingi za leo zina jina peke yake.

Mwalimu aliuliza tatizo liko wapi. Mimi naliona katika kalenda. Muswada ukishachapishwa katika Gazeti la Serikali na kusomwa mara ya kwanza, hupelekwa kwenye kamati, na kamati hualika wadau watoe maoni, kwa kufika au kwa kumwandikia Katibu wa Bunge. Kipindi hicho ndicho pekee ambacho mtu wa kawaida anaweza kubadilisha neno katika sheria, na ndicho kinachoandikwa kidogo kuliko vyote. Muswada ukiletwa kwa hati ya dharura, kama ilivyokuwa kwa sheria za maliasili za mwaka 2017, kipindi chenyewe hufupishwa mno, na mwandishi anayesubiri mjadala wa ukumbini anakuta mambo yamekwisha.

Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali nazo hupatwa na hali hiyohiyo kwa namna nyingine. Zinawasilishwa Bungeni Aprili, na kwa wiki moja magazeti yote yanatoa vichwa vya habari vya mabilioni. Kamati za hesabu huzichambua baadaye, na taarifa zao hujadiliwa Bungeni miezi kadhaa mbele, wakati ambapo maofisa wameshajibu, baadhi ya hoja zimefungwa kwa haki na nyingine zimefungwa kwa maneno matupu. Hatua hiyo ya pili ndiyo inayotuambia nani hasa anawajibika, na huandikwa kurasa za ndani, ikiandikwa.

Taarifa rasmi za majadiliano, yaani Hansard, zinapatikana katika tovuti ya Bunge, na vikao siku hizi vinaweza kufuatiliwa kwenye intaneti. Kwa sisi wa chuo hilo ni jambo kubwa. Kwa Mzee wa Mpunguzi, ambaye angehitaji bando la kutwa nzima ili asikie dakika tano zinazohusu zabibu, redio bado haina mbadala.

Mwandishi wa Habari, Makole

Nakubaliana na Dada wa Sheria, na nakubali kwamba kambi ya upinzani ilistahili kutajwa. Niongeze tu kwamba vikao vingi vya kamati nilivyojaribu kuvifuatilia havikuwa wazi kwetu tangu mwanzo hadi mwisho. Tuliitwa kupiga picha za utangulizi, kisha tukaombwa tutoke. Ila siku ya kupokea maoni ya wadau ni tofauti, kwa sababu mdau mwenyewe yuko huru kutueleza alichowasilisha. Hapo hatuna kisingizio.

Mwalimu Mstaafu, Nkuhungu

Marahaba wanangu, nimejifunza mengi. Kaka wa Kizota, sitaki majina yaachwe. Nataka jina lifuatane na kifungu, ili mbunge wetu aulizwe alipigia kura nini na si alimjibu nani.

Mwandishi, kwa kuwa umesema mdau yuko huru kueleza alichowasilisha, naomba unijibu jambo moja la kiutendaji. Iwapo wakulima wa Mpunguzi na Hombolo wataandaa maoni yao ya maandishi kuhusu ushuru wa mvinyo kabla ya Muswada wa Sheria ya Fedha kufika kwenye kamati, na Dada wa Sheria akawasaidia kuyaweka katika lugha inayotakiwa, je, kuna redio hapa mjini itakayokubali kuyasoma hewani na kumwalika mbunge wa eneo hilo ayajibu wiki hiyohiyo? Kama ipo, niko tayari kwenda na Mzee wa Mpunguzi kuonana na mhariri wake mapema, kabla Bunge la Bajeti halijaanza Aprili.