Tupeane uzoefu: suruali ya hoki ya barafu inayolinda kifandugu

Mkoko wa Nairobi (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Tangu Kenya ipokelewe kwenye Shirikisho la Kimataifa la Hoki ya Barafu mwaka 2024, wanaoulizia vifaa wameongezeka, na suruali ndiyo inayonunuliwa kwa macho kuliko kifaa kingine. Mtu anatazama rangi, anatazama chapa, anabinya paja anasema "nene hii", basi. Nyuma hageuzi. Uzi huu ni wa huko nyuma: kifandugu, kile kifupa cha mwisho wa uti wa mgongo. Kila mmoja alete anachokijua, kwa vipimo. Visa vya nani alianguka vipi tuviachie vijiwe vingine.

Naanza na nafasi, maana unene haukusaidii kitu kama kinga yenyewe imekaa pasipo. Kifandugu cha mtu mzima ni kama sentimita 4 tu, na ncha yake iko chini kuliko wengi wanavyodhani. Teremsha kidole kwenye uti wa mgongo mpaka mfereji wa matako uanze, endelea kushuka ndani ya mfereji. Ile ncha ngumu unayoikuta kabla ya njia ya haja kubwa ndiyo yenyewe.

Sasa chukua tepu ya fundi. Funga kamba kiunoni pale mkanda wa suruali utakapokaa, juu kidogo ya mifupa ya nyonga. Kunja magoti, inamisha kifua kama mchezaji anayesubiri puki (kile kisahani cha mpira kinachochezewa), mtu akupimie kutoka kwenye kamba hadi kwenye ncha. Usipimwe ukiwa wima: ukiinama mgongo unarefuka, suruali hairefuki. Kisha geuza suruali ndani nje, upime kutoka mkanda hadi mwisho wa chini wa bamba gumu, ile plastiki iliyo ndani ya kinga. Mwisho wa sponji usiuhesabu. Namba ya suruali iizidi yako kwa sentimita 3 angalau. Zikiwa sawasawa, ukianguka ukaburuzika bamba litapanda na ncha itabaki wazi.

Baharia_Minneapolis

Mkuu umegusa penyewe. Huku Minnesota suruali hizi wanaziita breezers, kwa hiyo mwenye ndugu huku wa kumnunulia atumie jina hilo, dukani ataeleweka mara moja.

Nieleze kinachopatikana ndani. Suruali kamili ina kinga ya mapaja, ya nyonga, ya figo, ya uti wa mgongo na ya kifandugu. Za bei ya chini mara nyingi huweka bamba la plastiki kwenye mapaja tu, halafu kifandugu wanakipa sponji peke yake. Za kati zinaongeza bamba jembamba nyuma. Za juu zina bamba lililokunjwa kufuata umbo la mwili, limelazwa kati ya sponji mbili za ugumu tofauti. Kwa anayeanza, ambaye ndiye anayekaa chini kuliko wote, ile ya chini ndiyo isiyomfaa, na kwa bahati mbaya ndiyo anayouziwa.

Sponji peke yake inashindwa kwa sababu ukiiangukia kwa uzito wote inabinyika mpaka mwisho, na baada ya hapo ni mfupa na barafu. Bamba linatawanya pigo kwenye nyama za matako kulia na kushoto, sponji inapunguza kasi. Vinahitajiana.

Kupima dukani shika mshono wa nyuma wa kati, weka kidole gumba ndani ya suruali na cha shahada nje, ubonyeze kwa nguvu ukishuka taratibu kutoka mkanda. Utasikia ngumu, ngumu, halafu ghafla vidole vinakaribia kukutana. Hapo bamba limeisha. Wengi wanashangaa kukuta limeisha sentimita 5 juu ya mahali panapohitajika. Angalia pia kama kinga ya mgongo na ya kifandugu ni vipande viwili vyenye kiungo katikati. Kiungo kinasaidia kuinama, lakini ukichuchumaa huku umeivaa, nafasi inayofunguka pale isizidi upana wa vidole viwili.

Jambo lingine: kofia na kinga ya uso zina nembo za ukaguzi wa usalama, HECC ya Marekani au CSA ya Kanada. Kwenye suruali msitafute nembo hiyo. Vidole vyako ndio ukaguzi.

Mama Wawili, Edmonton

Niongezee ya watoto, kaka zangu, maana huku ndiko makosa yalikojaa. Sisi wazazi wa Kiafrika tunanunua nguo ya "atakua". Kwa sare ya shule sawa. Kwa suruali ya hoki ni hatari: kiuno kikizidi, suruali inateremka, na bamba la kifandugu linaishia nyuma ya mapaja. Mtoto anaonekana amevaa kinga zote na hana kinga hata moja iliyo mahali pake.

Kiuno kikae kwa kubana kiasi kabla hujafunga kamba wala mkanda. Kamba ni ya kurekebisha kidogo tu. Ukiona unaivuta mpaka kitambaa kinajikunja mikunjo, saizi ni kubwa. Chini, suruali ifunike sehemu ya juu ya kikombe cha kinga ya goti kwa inchi 1 hadi 2 akiwa amesimama. Baadhi zina zipu kwenye mapaja inayoongeza inchi 1 ya urefu. Ni nzuri kwa mtoto anayerefuka, ila jueni kwamba inarefusha mapaja tu. Bamba la nyuma linabaki palepale. Mtoto akirefuka kiwiliwili, zipu haimsaidii kitu, suruali imekwisha kuwa ndogo.

Saizi zina makundi, kama ya watoto wadogo, ya vijana na ya wakubwa, na "M" ya kundi moja si "M" ya lingine. Hata chapa kwa chapa hazilingani: M ya Bauer usiihamishie CCM bila kusoma jedwali lao. Na msitumie namba ya jinzi. Jinzi hukaa chini ya kiuno na namba yake mara nyingi haisemi kweli. Tepu, kiunoni, juu ya nguo nyepesi.

Saspenda zinasaidia sana kwa watoto wasio na nyonga za kushikilia nguo, lakini msizikaze mpaka suruali ipande. Ikipanda, bamba nalo linapanda.

Zuberi_Tanga

Shukrani kwa wote. Swali: wanaojifunza kwa viatu vya magurudumu ya mstari mmoja kwenye lami au sakafu ya saruji wanafaa kununua suruali hizi hizi? Na kwa nini anayetoka kwenye viatu vya kawaida vya barafu vya kukodi huanguka kinyumenyume zaidi akivaa vya hoki?

Mkoko wa Nairobi

Ndugu Zuberi, la pili kwanza. Chuma cha kiatu hicho cha kukodi, kile cha mtindo wa kuchezea dansi ya barafu, ni kirefu, kinaendelea nyuma ya kisigino, na mbele kina meno. Cha hoki ni kifupi na kimepindwa mbele na nyuma kama mguu wa kiti cha kubembea. Ukiegemea visigino hakuna chuma cha kukushika, unazunguka nyuma na kukaa. Ndiyo maana wanafundishwa magoti yakunjwe na uzito uwe katikati ya unyayo. Ukiona unaanguka, chuchumaa zaidi, geuka upande uangukie nyama ya nyonga na paja, kidevu kifuani, mikono isitangulie. Kuanguka kwa ubavu kunalinda kifandugu kuliko suruali yoyote, na hili ni la kufanyia mazoezi makusudi, mara 10 kila upande kabla ya kushika gongo.

La magurudumu, kuna anayejua vizuri zaidi.

Roller_Kampala

Nipo. Kwenye saruji suruali kubwa ya barafu inachemsha na inazuia miguu. Wanaocheza hoki ya magurudumu wanavaa ile ya ndani inayobana, yenye kinga zote zilizoshonewa kwenye kitambaa cha kuvutika, kisha juu yake suruali ndefu nyepesi. Kwa kifandugu ina faida kubwa: inakaa kama ngozi, haipandi wala haishuki. Wachezaji wa barafu nao wanaitumia wakivaa ganda la kitambaa juu.

Kasoro zake mbili. Mkanda ukilegea kwa kufuliwa ovyo, faida yote imepotea. Na nyingine zimetengenezwa kwa ajili ya wepesi, kinga ya nyuma ni sponji yenye vishimo, bamba hakuna. Ile mbinu ya kidole gumba ya Baharia ifanyeni hapa pia.

Barafu inakuacha uteleze baada ya pigo, sehemu ya nguvu inaishia huko. Saruji inakushika. Kwa hiyo msichukue kaptura nyepesi za sponji mkadhani zinatosha kwa sababu mnacheza nje.

Dada Fizio

Habari zenu. Upande wa mwili. Kifandugu kikichubuka ndani, maumivu huchukua kama wiki 4 kutulia. Kikivunjika ni wiki 8 hadi 12. Mara nyingi hakuna upasuaji wala plasta, ni kukaa vizuri na kusubiri, kwa hiyo mchezo wa msimu mzima unaweza kupotea kwa pigo la nusu sekunde. Kwa wiki za mwanzo kaa ukiinamia mbele kidogo, uzito uende kwenye mapaja, au tumia mto uliokatwa pengo nyuma. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa dakika 15 hadi 20, siku mbili tatu za kwanza. Kula matunda na unywe maji ya kutosha, maana choo kigumu kinaumiza mno.

Ukipata ganzi kwenye msamba au miguuni, au ukashindwa kuzuia mkojo au choo, usisubiri. Hospitali saa hiyo hiyo.

Kwa wanawake: kifandugu huumia zaidi kwetu kuliko kwa wanaume, kwa sababu ya umbo la nyonga, ambalo linakiacha wazi zaidi. Zipo suruali zilizokatwa kwa ajili yetu, nyonga pana na kiuno chembamba. Dada akivaa ya kiume iliyomtosha nyonga, kiuno kinabaki na pengo nyuma, bamba linasimama mbali na mwili kama mlango ulioegeshwa. Akianguka linateleza kando. Kama ya kike haipatikani, chukueni ya kiume ya nyonga na mpeleke kwa fundi apunguze nyuma ya kiuno kwa pande mbili za mshono, asiguse mshono wa kati wenye kinga.

Fundi Cherehani, South B

Hapo kwa fundi ndipo ninapoingia. Suruali nyingi hapa zinafika zimetumika, kwa msaada au mitumba, na nyuma zimekufa. Inawezekana kuongeza kinga bila kuharibu.

Shona mfuko kwa ndani, kitambaa cha nailoni, upana sentimita 14, urefu 20, mdomo juu wenye velkro. Ndani yake tabaka tatu. Linalogusa mwili ni sponji laini ya milimita 6. Katikati ni EVA ngumu ya milimita 10, ile ya mikeka ya mazoezi inayounganishwa kama fumbo. Nje kabisa ni plastiki ya milimita 2 hadi 3 iliyokatwa kwenye ubavu wa pipa, ili upate mpindo wake wa asili. Pipa liwe la chakula au maji, msitumie la kemikali. Plastiki iwe ndogo kuliko sponji kwa sentimita 1.5 kila upande, pembe zizungushwe na ukingo upigwe msasa. Ukiacha sawasawa na sponji, ukikaa benchi ukingo unakukata.

Kwenye EVA, toboa shimo la mviringo la sentimita 4 pale ncha ya kifandugu inapoangukia. Pigo linapita pembeni, mfupa unaning'inia kwenye nafasi. Shimo likikosea mahali, ukingo wake ndio utakaokaa juu ya mfupa, na hapo ni heri usingetoboa. Kwa hiyo mvalishe mtu suruali, ainame, utie alama kwa chaki, ndipo ukate.

Sindano namba 18, uzi wa nailoni. Usishone kupita kwenye plastiki, matundu ya sindano ndiyo yanakuwa mwanzo wa ufa.

Baharia_Minneapolis

Fundi, ya shimo nimeichukua. Nimalizie kuhusu zilizotumika, kwa anayechagua kwenye rundo. Bonyeza sponji ya nyuma kwa gumba uhesabu mpaka tatu, uachie. Ikirudi mara moja, nzima. Ikibaki na alama ya kidole, imekufa, hata kama kitambaa kinang'aa. Kisha kunja bamba taratibu karibu na sikio. Likilia kama ganda la njugu, lina ufa. Mstari mweupe kwenye plastiki ni dalili hiyohiyo.

Na ukishaipata, isilale kwenye begi. Jasho na joto ndivyo vinavyoachanisha gundi ya sponji. Itundike kichwa chini kivulini penye upepo, jua kali na buti ya gari zote hapana. Kufua ni kwa maji baridi na sabuni kidogo, ukikamua kwa kukandamiza, bila kusokota.

Zuberi_Tanga

Nimepima. Kamba hadi ncha sentimita 24 nikiinama, 21 nikiwa wima. Suruali niliyoonyeshwa bamba linaishia 23.

Mkoko wa Nairobi

Iache hiyo, ndugu. Tafuta ya 27, au chukua hiyo kwa bei ya chini na umpelekee fundi vipimo vyote viwili.