Ushauri: Tunafungua nyumba kongwe na karakana zake kwa umma, ila mafundi wamegoma

MlinziWaFunguo (mleta mada)

Wakuu, salaam. Nina jambo la wiki tano zijazo na limeshaanza kunikondesha.

Nipo kwenye kamati inayotunza nyumba kongwe ya ghorofa moja. Ukarabati ulichukua miaka minne, sasa umekwisha. Juu kuna ukumbi wenye dari ya mbao na chumba kidogo cha vitabu. Chini kuna karakana tatu: mchonga mbao, fundi wa kujalidi vitabu, na mfumaji wa nguo. Kamati imepitisha tufungue milango Jumamosi moja, bure, yeyote aingie atazame jengo na mafundi wakiwa kazini.

Sasa balaa. Mchonga mbao kasema yeye si tumbili wa maonyesho. Wa vitabu kasema siku hiyo atafunga aende zake. Mfumaji ndiye pekee aliyekubali, naye kwa shingo upande. Mwenyekiti wetu anataka pale boriti mpya ilipoungwa na ya zamani papakwe rangi, "wageni wakute nyumba imekamilika". Nikimuuliza ukumbi wa juu utabeba watu wangapi, ananijibu nyumba imesimama zaidi ya miaka mia, haitaanguka kwa ajili yangu.

Mliowahi kuandaa siku kama hizi, au hata kuhudhuria tu, nianzie wapi?

Zumari

Anzia kwa mwenyekiti. Mpandishe juu yeye na ukoo wake wote, warukeruke. Ikisimama, fungua.

PatasiButu

Mkuu, mimi ndiye huyo tumbili. Nachonga mbao, na karakana yangu imefunguliwa kwa wageni mara tatu. Acha nikueleze hasira ya mwenzangu inatoka wapi.

Mara ya kwanza waandaaji waliniambia "wewe fanya kazi zako kama kawaida". Hakuna kawaida mbele ya watu arobaini. Nilijibu swali lile lile, "hii inachukua muda gani?", mpaka sauti ikakauka. Kazi ya mteja haikusogea. Saa nane mchana patasi ikanipitia kidole gumba, maana mtu aliniita wakati naisukuma. Jioni wakanipigia makofi. Makofi hayalipi kodi ya karakana.

Mara ya tatu ikawa nzuri kwa sababu tulikubaliana mapema. Nililipwa kama siku yoyote ya kazi. Nilichonga dakika 20, nikapumzika 20, na wakati nachonga aliyezungumza na watu ni mwanafunzi wangu. Sikugusa kazi ya mteja. Niliandaa ua moja katika vipande vitano: cha kwanza mbao tupu yenye mchoro wa penseli, cha pili kimechimbwa pembeni, hivyo hivyo hadi cha mwisho kilichopigwa msasa na kupakwa mafuta. Mgeni anaelewa kazi ya siku mbili kwa kutembeza macho mezani. Mashine zote zilizimwa kwenye swichi kuu, siyo kitufe tu, kwa sababu mtoto hubonyeza chochote chenye rangi nyekundu.

Na hili wengi hawalijui: vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani vikirundikwa pamoja hujipasha moto vyenyewe hadi vikawaka, bila kiberiti wala cheche. Usiku wa kuamkia siku ya wageni kila mtu husafisha haraka haraka, anavitupa kwenye pipa lenye vumbi la mbao, anaenda kulala. Vitandazeni nje kimoja kimoja vikauke, au mviloweke maji ndani ya debe la bati lenye mfuniko.

Nenda kwa mafundi wako bila mwenyekiti. Usiwaombe "wajitolee". Waulize wanaweza kuvumilia saa ngapi, na kwa malipo gani.

KipimoKamili

Kuhusu ghorofa, "imesimama miaka mia" siyo hesabu. Imesimama ikibeba familia na makabati yao, haijabeba mkutano. Kanuni za usanifu za Ulaya huipangia sakafu ya nyumba ya kuishi uzito wa takriban kilo 150 hadi 200 kwa kila mita ya mraba. Mahali ambapo watu wanaweza kusongamana hasa, inaanzia kama kilo 500. Tena wageni hawajitawanyi. Mwongozaji akisema "tazameni lile dirisha", wote wanahamia upande mmoja.

Tafuteni mhandisi anayezijua mbao za zamani. Akague hasa vichwa vya boriti pale vinapoingia ukutani. Unyevu hujificha huko, mbao inaoza huku katikati ya chumba inaonekana nzima. Awape idadi kwa maandishi. Kisha muweke mtu chini ya ngazi mwenye kadi. Idadi ikiwa 15, kadi ni 15. Anayeshuka anarudisha, anayesubiri anapanda. Huna kadi, hupandi, hata ukiwa mwenyekiti.

ChokaaMbichi

Hapo kwenye kupaka rangi kiungo cha boriti nimesoma mara mbili. Usikubali!

Mkataba wa Venice wa mwaka 1964 kuhusu kutunza majengo ya kale, ambao watu wa fani hii bado wanauegemea, unataka kilichoongezwa kiende sawa na cha zamani lakini kitambulike kuwa ni kipya. Kukificha ni kumdanganya mgeni, na tena unamnyima kitu kitamu kuliko vyote humo ndani. Boriti iliyokatwa pale ilipoishia kuoza, ikaungwa na mbao mpya kwa ulimi na vigingi, mtu atasimama hapo na kuuliza. Kwenye rangi atapita tu.

Kama kuta zenu ni za mawe na chokaa, acheni sehemu moja bila lipu, kiasi cha dirisha dogo. Hapo ndipo mtaeleza kwa nini saruji inaziua nyumba za namna hiyo: ni ngumu mno na haipitishi unyevu kwa urahisi, kwa hiyo maji yaliyomo ukutani hukosa pa kutokea, chumvi inajikusanya, mwishowe lipu inabambuka na kuondoka na uso wa jiwe. Chokaa inauacha ukuta upumue. Wekeni mezani matofali mawili, moja lina lipu ya saruji na jingine ya chokaa, watu wakwaruze kwa ukucha. Wataelewa kabla hujafungua mdomo.

Ila rangi nyingi za zamani zilikuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu. Tabaka hizo waone tu, wasizikwangue, watoto hasa.

MdakuMstaarabu

@ChokaaMbichi kwa heshima zote, mtu wa kawaida hajali chokaa. Anapiga picha kwenye ngazi, anaondoka.

ChokaaMbichi

Apige. Ngazi nayo ina chokaa.

MsafiriWaJumamosi

Mimi siyo fundi, ni mhudhuriaji sugu. Ufaransa ilianza kufungua majengo yake ya kihistoria kwa siku maalumu mwaka 1984, Baraza la Ulaya likalichukua wazo mwaka 1991, London wakaanza la kwao mwaka 1992, Toronto mwaka 2000. Na kote huko adui ni foleni. Ukitaka kuingia 10 Downing Street, nyumba ya waziri mkuu wa Uingereza, kwenye siku za London, majina yanaingia kwenye bahati nasibu. Ninyi hamna waziri mkuu ndani, lakini gaweni nafasi za ghorofani kwa saa: nusu wajiandikishe mapema, nusu waachiwe wapita njia. Mkiwapa waliojiandikisha zote, wengi hawatokei na waliosimama mlangoni wanawachukia.

Jingine, punguzeni hotuba. Nimeshasahau miaka yote niliyosomewa na waongozaji. Ninachokikumbuka ni mzee mmoja kwenye karakana ya uchapaji aliyeniachia nivute mkono wa mashine, karatasi ikatoka imepinda, akaniambia niichukue hivyo hivyo.

BiNgazi

Wanangu, na sisi tulioachwa na magoti? Kila mara naambiwa "pole mama, kuna ngazi", naishia kusoma bango. Wekeni chini picha kubwa za huko juu, viti viwili vitatu, na mtu wa kutusimulia. Kile kipande cha boriti kilichooza mlikitupa? Kama kipo, kileteni tukishike.

MlinziWaFunguo

MREJESHO. Samahani kwa ukimya, siku yenyewe imepita juzi.

Mhandisi alitupa watu 18. Kuna kichwa kimoja cha boriti hakukipenda, tukaweka kamba kona ile.

Fundi wa vitabu alikubali kukaa kwa muda wa saa mbili tu asubuhi, kwa malipo. Jioni nilimkuta bado anamfundisha binti mmoja kushona kurasa. Mchonga mbao alikataa katakata kuchonga, akasema atanoa patasi zake tu, aangaliwe au asiangaliwe. Basi hapo ndipo palipojaa! Watu wamesimama nusu saa wanatazama chuma kikisuguliwa kwenye jiwe, anajaribu makali kwa kukata karatasi, wanaguna. @PatasiButu, sijui mnajua nini ninyi.

Kiungo cha boriti hakikupakwa rangi. Mwenyekiti alisimama chini yake siku nzima akiwaeleza wageni umuhimu wa kutokificha. Sikusema kitu.

@BiNgazi, kipande kilichooza kilikuwepo stoo. Ndicho kilichoshikwa kuliko vyote, kimepungua kabisa kwa kumegwa.

Ila kadi, @KipimoKamili! Saa tisa mlinzi wa ngazi alikuwa anapandisha watu 15 tu akidai juu bado wamo watatu, wakati ukumbi ulikuwa mtupu. Wamekwenda nazo nyumbani. Mwenye namba 7, 11 na 16, tafadhali, tunazihitaji mwakani.