Mrejesho: Mdogo wangu ameanza kazi na bado anapokea SSI

Ndugu zangu, niliuliza iwapo mdogo wangu mwenye ulemavu, anayepokea SSI nchini Marekani, malipo yanayotolewa kwa kuangalia kipato na mali, angeyapoteza yote kwa kukubali kazi ya muda. Hakuyapoteza, na waliotushauri tupige hesabu kabla ya kuikataa kazi walikuwa sahihi.

Kila mwezi huachwa dola 20 za kwanza za kipato na dola 65 nyingine za mshahara, kisha nusu tu ya kinachobaki ndiyo hupunguzwa kwenye malipo. Kwa mshahara wa dola 585 kabla ya makato, zinabaki dola 500, zinapunguzwa 250, na kutoka kiwango cha juu cha shirikisho cha mwaka 2025, yaani dola 967, alipata dola 717 juu ya mshahara wake.

Kinachotushughulisha sasa ni akiba. Mtu mmoja haruhusiwi kuwa na mali inayohesabika ya zaidi ya dola 2,000, kiwango ambacho hakijapandishwa tangu 1989 (bei za vitu, bila shaka, hazikusubiri), ingawa nyumba anayoishi na gari moja havihesabiwi. Kwa kuwa ulemavu wake ni wa kuzaliwa, tumemfungulia akaunti ya ABLE, yaani akaunti maalumu ya akiba kwa watu ambao ulemavu wao ulianza mapema maishani, ambamo akiba ya hadi dola 100,000 haiingizwi katika kikomo hicho. Mshahara anaouweka humo, hata hivyo, bado huhesabiwa kuwa kipato na ni lazima uripotiwe.