Mnatukata hela ya mzigo ulioibiwa na wateja, alafu asubuhi mnatupigisha makofi "sisi ni timu moja"

Wakuu salaam. Wanaoingia shifti ya jioni poleni mapema.

Nimevumilia ila hili limenifika hapa. Nipo supamaketi moja hapa Dar, jina nakaa nalo maana nina watoto wanakula, na sijaja kulia mshahara mdogo, huo tumeuzoea kama foleni ya Mbagala. Nachoongelea ni huu utaratibu wa mabosi kutugombanisha wenyewe kwa wenyewe, alafu kabla mlango haujafunguliwa tunapangwa mstari tuseme "sisi ni familia". Familia gani inapekuana mifuko kila ikitoka kazini?

Tuanze na shoti. Aliyekaa kaunta anajua, shifti ikiisha mashine inasema laki tatu na ishirini wewe mkononi una laki tatu na kumi, hiyo kumi utailipa. Sawa, labda chenji ilizidi, tunameza. Sasa wameleta jipya, wakihesabu stoo wakakuta mzigo umepungua wanajumlisha hasara yote wanaigawanya kwa kila mtu wa seksheni. Yani pafyumu imeibiwa na mteja siku ambayo wewe uko ofu nyumbani unafua, unakatwa, anakatwa na dogo aliyeajiriwa juzi ambaye hata shelfu la unga hajalijua liko wapi. Supavaiza hakatwi. Meneja ndo kabisaa.

Matokeo yake sasa. Zamani keshia akibanwa na haja anamwita mwenzake "nishikie hapa mara moja", kazi inaendelea. Saivi nani akushikie? Shoti ikitokea mnaanza kushikana mashati, kila mtu anaapa kwa mama yake. Kuna dada mjamzito alikaa pale kajibana mpaka machozi yanamlenga, akifunga kaunta foleni inarefuka, inapigwa picha inatupwa na jina lake kwenye grupu la wosapu. Wenzake tupo pembeni tunaangalia mizani. Mgeni akija hafundishwi, anaachwa ahangaike na kodi za mboga, zile namba za kubonyeza kwenye mashine, mpaka wateja wamtukane, maana ukimuelekeza akakosea utaambiwa wewe ndo ulimfundisha. Na kichekesho ni kwamba hasara zenyewe haziishi ndo zinaongezeka, mtu anaona mtindi unakaribia kuisha muda huko nyuma ya shelfu anapita kimya, sio seksheni yake.

Hilo grupu la wosapu nalo ni balaa jingine. Saa tano usiku umefika Gongo la Mboto umechoka hoi, simu inalia, meneja katuma orodha ya makeshia kuanzia mwenye kasi mpaka wa mwisho, na wa mwisho tunamcheka sisi wenyewe, vikatuni kibao, eti utani.

Alafu kuna picha ya mfanyakazi bora wa mwezi pale karibu na mlango. Wateja wanadhani ni mchapakazi. Sisi tunaiita mbea wa mwezi, na hatujawahi kukosea.

Nimekaa nikaisoma Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 28. Kukukata mshahara kwa hasara lazima hasara iwe imetokana na kosa LAKO, upewe maelezo kwa maandishi imetokeaje na imehesabiwaje, upewe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya mshahara wa fedha taslimu. Robo! Kwetu kuna watu wamerudi nyumbani na nauli tu. Kifungu cha 23 kinasema ukipiga kazi zaidi ya saa tano mfululizo unapumzika angalau dakika 60, sisi lunchi ni kumeza chapati umesimama stoo, macho kwenye saa.

Nilimuuliza dada wa HR kwa heshima zote, akanijibu "mbona wenzako hawalalamiki?" Hawalalamiki kwa sababu wanaogopana! Na mabosi wanalijua hilo vizuri tu. Tulikubaliana watu kadhaa tujaze zile fomu za TUF 6 tujiunge na chama cha wafanyakazi, TUICO, tena kwa siri, tukaongelea nje kabisa, jioni yake meneja anayo majina yote. Aliyepeleka tunamjua na simchukii hata, mwezi ule makato hayakumgusa na ana mgonjwa nyumbani. Huyo ndo mwenzangu wa "timu", nampa salamu kila asubuhi na moyoni najua hata nikidondoka pale hatanisogelea bila kuangalia kamera kwanza.

Sasa kabla hamjaja na "acha kazi ujiajiri", mtaji nautoa wapi wakati mshahara wenyewe unaishia kulipia vitu nilivyoviona kwenye shelfu tu?

Nachouliza ni kimoja, kuna mtu humu aliwahi kupeleka makato ya namna hii CMA, ile tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, huku bado yuko kazini? Nasikia kwa mgogoro usio wa kufukuzwa una siku 60 tangu utokee, na makato ya mwezi huu yanaanza kuzeeka. Kesho yake alirudije kazini, alipangiwa shifti gani, na je kuna mwenzake hata mmoja alikubali kusimama naye? Wa "pole sana mkuu" asanteni ila nahitaji aliyepitia.