Nimeachiwa kobe wa maji, nimpeleke wapi? Naomba ushauri

Wakuu, habari za jioni. Niko Ujerumani. Jirani yangu, bibi mmoja mzee, amehamia kwa mwanawe akaniachia kobe wake wa maji, yule mwenye mstari mwekundu nyuma ya jicho, asili yake bonde la Mississippi, Marekani. Alimnunua mdogo kama sarafu. Sasa ni mkubwa kama sahani, na wanaweza kuishi zaidi ya miaka 30!

Mshikaji wangu ananiambia, "Mtupe bwawani usiku, nani atajua?" Roho inasita. Kobe hawa hula viluwiluwi, wadudu na samaki wadogo, na huwanyang'anya kobe wa asili wa Ulaya, ambao ni wadogo kwa umbo na hapa wamebaki wachache mno, magogo ya kuotea jua. Kobe asipoota jua, hata chakula hakisagiki vizuri tumboni.

Tena tangu 2016 Umoja wa Ulaya umepiga marufuku kuwauza kobe hawa wa Marekani, kuwazalisha na kuwaachia huru porini. Aliyekuwa naye kabla ya hapo ndiye anaruhusiwa kumtunza hadi afe. Sasa mimi niliyeachiwa juzi tu, ruhusa hiyo inanihusu? Kuna aliyewahi kumkabidhi kwenye kituo cha wanyama? Walidai hela?

Halafu mwanangu keshampa jina: Babu.